Karatasi Kwenye Ngumi ya Maiti: Jinsi The Pale Blue Eye Inavyomficha Muuaji Mbele ya Macho Yetu

Kadeti Leroy Fry amekutwa ananing'inia mtini. Usiku uleule, maiti ikiwa imeshalazwa ndani ya chuo, mtu akaingia, akaipasua kifua na kuondoka na moyo. Mpelelezi mstaafu Augustus Landor anaitwa. Anaiinamia maiti mbele ya daktari wa chuo, anaikagua shingo, anavikagua vidole, kisha anaushika mkono uliokakamaa na kuulazimisha ufunguke. Ndani ya ngumi mna kipande cha karatasi.

Kama hujaitazama The Pale Blue Eye, ifunge makala hii uirudie baadaye. Kuanzia hapa mtama unamwagwa wote, na siri ya filamu hii ni ya kuonjwa mara moja tu.

Karatasi ile ni ya Landor. Yeye ndiye aliyeiandika, yeye ndiye aliyemwita Fry usiku, na yeye ndiye aliyemnyonga. Ukiitazama filamu mara ya kwanza, pale kitandani unamwona mpelelezi hodari aliyegundua kitu ambacho daktari alikipita. Ukiitazama mara ya pili, unamwona mtu anayeitafuta barua yake mwenyewe. Hakuna kilichobadilika: mwigizaji ni yuleyule, mkono ni uleule, maneno ni yaleyale. Filamu inayoweza kubeba maana mbili ndani ya tendo moja bila kudanganya ni adimu, na ndiyo sababu naiona hii inastahili kufunguliwa kipande kwa kipande.

Mwongozaji ni Scott Cooper, na riwaya aliyoitegemea ni ya Louis Bayard, iliyotoka 2006 kwa jina hilohilo. Filamu ina dakika 128. Iliingia kwenye majumba machache ya sinema Desemba 23, 2022, kisha Netflix wakaiweka Januari 6, 2023. Christian Bale ni Landor, na hii ni kazi yake ya tatu na Cooper. Harry Melling ni Edgar Allan Poe, kijana aliyekuja kuwa mmoja wa waandishi wa hadithi za kutisha wanaojulikana sana Marekani. Mahali ni West Point, chuo cha kijeshi kando ya mto Hudson, jimbo la New York, majira ya baridi ya 1830. Poe kweli alikuwa kadeti pale mwaka ule. Mauaji ni ya kubuni.

Jina la filamu limetoka kwenye "The Tell-Tale Heart", hadithi ya Poe ya 1843 ambamo msimulizi anamuua mzee kwa sababu ya jicho lake la buluu iliyopauka, lenye utando kama la tai mla mizoga. Anamzika chini ya mbao za sakafu, kisha anawaalika askari waketi chumbani humohumo, yeye mwenyewe akiweka kiti chake juu ya maiti, mpaka anaposikia moyo ukidunda chini ya miguu yake na kuungama mwenyewe. Jina la Landor nalo ni la Poe: "Landor's Cottage" ni hadithi yake ya 1849, mwaka aliokufa. Mwenye kuzijua hadithi hizi anafurahia kuziokota, lakini huo ni urembo wa nje tu. Mifupa ya filamu imetoka kwingine.

Imetoka kwenye "Thou Art the Man" ya 1844, hadithi ambayo watu hawaisomi sana. Tajiri mmoja amepotea. Rafiki yake kipenzi, mtu mwenye uso mweupe wa ukweli ambaye mji mzima unamwamini, anajitolea kuongoza msako. Kila kidokezo kinaokotwa yeye akiwa karibu, na kila kidokezo kinamwelekea mpwa wa marehemu. Mwisho inajulikana kwamba kiongozi wa msako ndiye muuaji, na vidokezo alikuwa akivipanda mwenyewe. Weka Landor mahali pa rafiki huyo, weka familia ya Marquis, daktari wa chuo, mahali pa mpwa, na unayo filamu. Tofauti ni kwamba muuaji wa Poe ni mwenye tamaa ya mali, na huyu wa Bayard na Cooper ni baba aliyefiwa.

Sasa tufike kwenye mtambo wenyewe. Ujanja mkubwa wa kisa hiki ni kwamba maiti ya Fry imebeba makosa mawili ya watu tofauti, wasiojuana nia. Swali la kwanza: nani alimnyonga? Landor. Swali la pili: nani aliuchukua moyo? Artemus Marquis, mtoto wa daktari, pamoja na dada yake Lea, waliouhitaji kwa kafara ya kutafuta uponyaji wa Lea, anayeanguka kifafa. Hawakuua. Waliikuta maiti, na kwao ilikuwa bahati. Mlinzi wa maiti aliondolewa kwenye lindo na mtu aliyevaa koti la ofisa, na baadaye koti la namna hiyo linaonekana nyumbani kwa akina Marquis.

Landor alimuacha Fry akining'inia bila kidonda cha kisu. Fikiria hali yake alipoitwa asubuhi na kuambiwa moyo haupo. Mtu aliyeua kwa siri anapewa kazi ya kumtafuta muuaji, halafu anakabidhiwa mkononi mtuhumiwa mwingine asiyemjua, ambaye amefanya jambo la kutisha kuliko lake. Tangu hapo upelelezi wake ni wa kweli kabisa. Anataka kwa dhati kujua nani alichukua moyo, kwa sababu huyo ndiye atakayeubeba mzigo wote. Ndiyo maana Bale hahitaji kuigiza unafiki. Ukimtazama anavyowahoji makadeti, haulizi maswali ya kupoteza muda. Anauliza kwa uangalifu mkubwa, ila yote yanahusu swali la pili.

Poe naye anaingia kwa mlango huohuo. Anamfuata Landor na kumwambia kwamba mtu anayetafutwa ni mshairi, maana moyo ni ishara, na anayeng'oa moyo anashughulika na ishara. Ni kauli ya kijana anayependa kusikika, lakini kama jibu la swali la pili haiko mbali na ukweli: moyo ulichukuliwa kwa maana yake, si kwa nyama yake. Kosa la Poe ni kudhani amejibu maswali yote mawili, na sisi tunaingia shimoni pamoja naye.

Maiti ya pili ndiyo inayotoboa siri, kwa anayetazama vizuri. Kadeti Ballinger anakutwa amenyongwa, moyo haupo, na sehemu za siri zimekatwa. Safari hii kazi yote ni ya Landor, aliyeiga alichofanyiwa Fry ili ionekane ni kichaa mmoja. Lakini mwigaji ameongeza kitu. Kafara ya akina Marquis ilihitaji moyo. Hakuna mahali popote ilipohitaji sehemu za siri. Ukataji ule haujibu haja ya ibada, unajibu tendo alilolitenda marehemu. Landor alikuwa na binti, Mattie, ambaye watu waliambiwa ametoroka nyumbani. Ukweli ni kwamba makadeti watatu walimbaka alipokuwa akitoka kwenye dansi, na baadaye akajitupa kutoka jabalini. Filamu imetupa kidokezo hicho waziwazi katikati ya kisa, na wengi wetu tunakipita tukidhani ni damu ya kutishia watu tu. Kadeti wa tatu, Stoddard, anapotoweka chuoni baada ya hapo, watu wanadhani anaogopa mchawi. Yeye anajua anaogopa nini.

Wanaosema mwisho umebandikwa, nawaelewa, ila sikubaliani nao. Dakika za mwisho zinaonekana kama filamu nyingine kwa sababu zinajibu swali ambalo mtazamaji aliacha kuliuliza mapema mno. Mtu akiweka akilini tangu mwanzo kwamba kunyonga na kupasua ni kazi mbili, hatahitaji hata kuambiwa.

Nirudi kwenye karatasi, maana hapo ndipo watunzi walipomfahamu Poe vizuri kuliko kwenye kunguru na majeneza yote. Kipande kile kina vipande vya maneno tu. Poe na Landor wanakaa pamoja kujaribu kujaza palipochanika, na Poe anafika kwenye maana: ni wito, njoo, usichelewe. Landor anamtazama kijana akisoma barua aliyoiandika yeye. Kwa nini alimpa? Angeweza kuipoteza. Mbele ya daktari asingeweza kuificha, sawa, lakini kumkabidhi msomaji mwenye kipaji ni jambo jingine. Kwangu mimi jibu ni kwamba mtu yule, aliyempoteza mwanawe bila kuwa na wa kumwambia, alitaka asomwe. Filamu hailitamki hilo, ila uso wa Bale katika tukio lile ni wa mtu anayesubiri.

Mwishoni Poe anakuja nyumbani kwa Landor na karatasi mbili: kipande cha ngumini na barua fupi aliyowahi kuandikiwa na Landor. Mwandiko ni mmoja. Hili si jambo la kubuniwa hivihivi. Poe wa kweli aliipenda sana miandiko. Mwaka 1836, kwenye jarida la Southern Literary Messenger, alichapisha mfululizo unaoitwa "Autography", wenye nakala za sahihi za waandishi na maelezo yake juu ya tabia zao kama alivyozisoma kwenye kalamu. Akarudia kazi hiyo kwenye Graham's Magazine kati ya Novemba 1841 na Januari 1842. Kumpa Poe wa filamu ushindi kwa njia ya mwandiko, badala ya alama za viatu au ungamo la ghafla, ni kumrudishia kitu chake.

Lakini je, ingewezekana? Hapa pana la kujifunza. Mwaka 1830 watu wengi bado waliandika kwa unyoya wa bata bukini, uliochongwa ncha kwa kisu kidogo na kupasuliwa katikati. Unyoya unatoa mstari mnene mkono unaposhuka na mwembamba unapopanda, hivyo nguvu ya mkono inabaki karatasini. Ncha ikichakaa mstari unatanuka, na mtu huyohuyo anaweza kuonekana kuwa na miandiko miwili kabla na baada ya kuchonga. Kwa hiyo unene wa mstari peke yake haumtambulishi mtu. Wala umbo la herufi kubwa, kwani shule zilifundisha kwa vitabu vya kunakili, na waliofunzwa na kitabu kimoja wanafanana. Mtaalamu wa miandiko kwanza huitenga tabia ya shule na tabia ya mtu. Tabia ya mtu hukaa kwenye mambo ambayo mwandishi hayafikirii: nafasi kati ya neno na neno, uwiano wa urefu wa herufi ndogo na zenye shina refu, mahali kalamu inaponyanyuliwa katikati ya neno, jinsi neno linavyomalizwa. Anayebadili mwandiko makusudi hubadili mlalo na herufi za kupendeza, akasahau hayo mengine.

Tatizo ni kiasi. Kipande cha Fry kina herufi chache, zilizokatika pembeni. Kwa kiasi hicho mtaalamu mwangalifu hawezi kuapa. Anaweza kusema haipingani, basi. Tena kuna sheria: kwa utaratibu ambao mahakama za New York ziliurithi kutoka Uingereza, kulinganisha karatasi inayobishaniwa na karatasi nyingine isiyohusika na kesi hakukukubalika kirahisi. Uingereza yenyewe ililegeza hilo kwa sheria ya 1854. Mahakama ilipendelea shahidi aliyewahi kumwona mtu akiandika, aseme kama anautambua mkono wake. Kwa hiyo ushahidi wa Poe ungeyumba mbele ya jaji. Filamu haikuingia huko, na sioni kama ni kasoro, kwa kuwa karatasi zile hazikuletwa kwa jaji. Zililetwa kwa aliyeziandika, ambaye hakuhitaji kuthibitishiwa.

Kuhusu maiti, filamu iko makini kiasi. Anayening'inia kwa uzito wake mwenyewe huachiwa alama ya kamba inayopanda kuelekea sikioni au kisogoni, kwenye fundo, na mara nyingi haizunguki shingo yote. Anayekabwa kwa kamba kutoka nyuma alama yake hulala, iko chini zaidi, na huzunguka. Anayepigania roho huingiza vidole kati ya kamba na shingo, akachubuka vidole na kujikwaruza kwa kucha. Ndiyo maana Landor anakagua shingo na vidole kabla ya kitu kingine: hivyo ndivyo vinavyotenganisha aliyejiua na aliyeuawa. Kukakamaa kwa maiti huanza saa chache baada ya kifo, taya na shingo kwanza, hufika mwili mzima kwa takriban saa 12, kisha hulegea taratibu baada ya siku moja hadi mbili. Kwenye baridi kali mambo hayo yote huenda polepole, kwa hiyo ngumi iliyobana karatasi mpaka siku ya pili inaaminika. Na moyo ukitolewa saa kadhaa baada ya mtu kufa, damu hairuki, kwa kuwa hakuna kinachoisukuma. Aliyeikata maiti ya Fry angeweza kutoka pale na koti lisilo na damu nyingi.

Poe aliyewekwa kwenye filamu ni wa kweli kiasi gani? Zaidi ya wengi wanavyodhani. Alizaliwa Boston Januari 19, 1809. Mama yake, mwigizaji wa jukwaani, alikufa Desemba 1811, na mtoto akalelewa na mfanyabiashara John Allan wa Richmond, Virginia. Lafudhi ya kusini ambayo Melling anaivuta taratibu ina msingi, na vilevile mazungumzo ya Poe wa filamu juu ya mama marehemu anayemletea beti. Mei 1827 alijiunga na jeshi kama askari wa kawaida kwa jina la uongo, Edgar A. Perry, akasema ana miaka 22 ilhali alikuwa na 18. Januari 1829 alikuwa ameshapanda hadi sajini meja. Alipoingia West Point katikati ya 1830 alikuwa na miaka 21 na uzoefu wa kambi ambao wenzake wengi hawakuwa nao. Upweke wake kwenye filamu, ule wa mtu mzima aliyekaa na vijana, ni sahihi. Oktoba mwaka huohuo John Allan alioa mke mwingine, na tumaini la Poe la kurithi likawa dogo zaidi.

Darasani hakuwa mzembe. Kwenye mtihani wa Januari 1831, katika darasa la watu 87, alikuwa wa 3 kwa Kifaransa na wa 17 kwa hesabu. Alichoka na gwaride, si na vitabu. Mwezi huohuo alifikishwa mahakama ya kijeshi kwa kutohudhuria wajibu na kutotii amri, na Februari 19 akaondoka. Kabla ya hapo makadeti 131 kati ya 232 walikuwa wamechangia kuchapishwa kwa kitabu chake cha mashairi, alichowatabarukia. Walitarajia mashairi ya kuwatania maofisa kama yale yaliyozunguka mabwenini. Wakapata mashairi ya kweli, wakakasirika.

Kuna kisa kimoja ambacho filamu haikukitumia, na naona ni hasara. Thomas Gibson, aliyelala chumba kimoja na Poe, namba 28 bweni la kusini, alikiandika kwenye jarida la Harper's mwaka 1867. Usiku mmoja kadeti aliyetumwa kilabuni kwa Benny Havens kutafuta pombe alirudi na bata bukini dume aliyechinjwa. Wakapanga. Poe akakaa anasoma kama hana habari, mwenzake akaingia amelowa damu, anayumba, akatangaza kwamba amemuua profesa mmoja waliyekuwa hawampendi, na hiki hapa kichwa chake. Akarusha ndege kwenye mshumaa, chumba kikawa giza. Mgeni mmoja akarukia dirishani na kukimbia kueneza habari za mauaji. Zaidi ya miaka 36 ilikuwa imepita Gibson alipoandika, kwa hiyo kumbukumbu lazima ilikuwa imenona kidogo. Hata hivyo angalia kilichomo: habari ya mauaji, damu, taa inayozimwa kwa wakati wake, na kijana anayetazama kwa utulivu jinsi hofu inavyofanya kazi kwa mtu mwingine. Miaka 10 baada ya kuondoka West Point, Aprili 1841, Poe alichapisha "The Murders in the Rue Morgue", na hadithi ya upelelezi ikazaliwa.

Wakuu wawili wa chuo kwenye filamu ni watu wa historia. Sylvanus Thayer aliongoza West Point kutoka 1817 hadi 1833, na Ethan Allen Hitchcock alikuwa msimamizi wa makadeti. Hofu yao kwamba kashfa itaua chuo haikutiwa chumvi. Mwaka uleule wa 1830 mbunge David Crockett wa Tennessee alipeleka hoja ya kukifunga, akidai ni mahali pa watoto wa wenye nacho. Ndiyo sababu wanamtafuta mtu wa nje mwenye kufunga mdomo. Kinachoteleza ni cheo cha huyo mtu. Jiji la New York halikuwa na polisi wa kudumu mpaka 1845, kulikuwa na makonstebo na walinzi wa usiku, na kachero wa kuajiriwa kwa kazi ya kuchunguza tu alikuwa bado hajawa jambo la kawaida. Landor amekopeshwa taaluma ambayo hadithi za Poe mwenyewe zilichangia kuitengeneza.

Mahali filamu inapovunjika kweli ni ghala la barafu. Kabla ya mashine za kugandisha, barafu ilikatwa mitoni na mabwawani wakati wa baridi na kupangwa kwenye maghala yenye kuta nene, imefunikwa kwa nyasi kavu au unga wa mbao. Ni mahali pa giza, pa kimya, pasipo mtu majira mengi, panapofaa kwa ibada ya siri. Na nyasi na mbao zikishika moto zinawaka vizuri, hata barafu ikiwa chini yake. Kwa hiyo mahali hapana kosa. Kosa ni haraka. Poe ameleweshwa dawa, Lea ana kisu, Landor anavunja mlango, moto, paa, ndugu wawili wamekufa. Familia iliyojengwa taratibu kwa zaidi ya saa moja, kwenye meza ya chakula na matembezi ya makaburini, inafutwa kwa dakika chache, na mama na baba wanabaki kama vivuli.

Lea alistahili zaidi. Kwa wakati wake hapakuwa na dawa ya kifafa iliyofanya kazi. Bromaidi, ya kwanza kusaidia, ilielezwa na daktari Charles Locock huko London mwaka 1857. Baba daktari aliyetazama binti akianguka, akijua kila kilichomo kwenye kabati lake na kwamba hakuna kinachofaa, ana msiba wa kutosha kubeba filamu. Halafu kuna baba mwingine, Landor, ambaye naye hakuweza kumwokoa binti. Wale wawili wanaketi chumba kimoja mara kadhaa, na filamu haiwaachi wakaonana. Hata Mattie mwenyewe tunamwona kwa vipande tu.

Wasomaji wetu wana kipimo kizuri cha jambo hili. Kwenye riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohamed Said Abdulla, maiti inakutwa mzimuni, na mahali penyewe panawafanya watu wafikirie mashetani. Mpelelezi Bwana Msa, na kiko chake, anafanya kazi ya kutenganisha mzimu na mkono wa binadamu, Najum akimfuata nyuma. Ni utaratibu uleule: jambo la kuogofya linawekwa juu ili lifunike sababu ya kawaida ya kibinadamu iliyo chini. Abdulla anaufunua utando ule pole pole, kwa maswali. Cooper anauchoma moto kwanza, halafu ndipo anauliza.

Kwa anayetaka kuitazama tena, iwe usiku, taa zimezimwa. Mpigapicha Masanobu Takayanagi ameijenga kwa rangi za majivu na buluu nje, na mwanga wa mishumaa ndani, nyuso zikiwa nusu gizani. Kwenye simu mchana haionekani. Zima ule mpangilio wa televisheni unaolainisha mwendo wa picha, maana unaifanya theluji ionekane ya studio. Washa maandishi ya chini, kwa kuwa Bale ananong'ona na Melling anaimba. Majengo makubwa ya mawe yenye minara usiyachukulie kuwa West Point ya wakati ule. Sehemu ya picha zilipigwa Westminster College, Pennsylvania, na mtindo wa Gothiki ulianza kuingia West Point na maktaba ya 1841.

Kisha mtazame Landor kila Poe anapokuwa na karatasi mkononi. Usimtazame Poe, ingawa Melling anavuta macho yote. Mtazame aliyekaa pembeni na glasi yake, anavyomsikiliza kijana akijaza neno lililochanika, na anavyomwacha aendelee.

Mwishoni, baada ya kusikia yote kuhusu Mattie, Poe anazichoma karatasi zote mbili. Mwaka 1844 Poe wa kweli alichapisha "The Purloined Letter". Polisi wa Paris wamepekua nyumba nzima, wamepima miguu ya viti na kuchungulia kila upenyo, hawajaiona barua wanayoitafuta. Dupin, mpelelezi wa hadithi za Poe, anaingia mara moja na kuiona: iko wazi, imekunjwakunjwa na kuchakaa, kwenye kishubaka cha kadi kinachoning'inia chini ya rafu ya mahali pa moto.